Mdahalo, uwasilishaji, jozi au kiti cha maswali: ipi inamfundisha mwanafunzi wa sekondari kuzungumza?

Muulize mkuu wa shule ya sekondari, awe Singida au Kisii, wanafunzi wake wanajifunzia wapi kusimama na kusema. Mara nyingi jibu liko tayari mdomoni: tuna mdahalo, kila Ijumaa mchana. Nenda siku hiyo utakuta kweli bwalo limejaa. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mtunza muda ana kengele yake, na hoja ni ile waliyoijadili hata kaka na dada zao: elimu ni bora kuliko fedha. Wanasimama wasemaji wanane, pengine na watano wengine kutoka ukumbini. Waliobaki, mia tatu na ushee, kazi yao ni kupiga makofi na kuzomea. Ijumaa inayofuata wanasimama wale wale.

Sina ugomvi na mdahalo, na nitaurudia kwa heshima yake. Ila mwalimu anayetaka kuchagua njia ya kuwafundisha wanafunzi kuzungumza kwa kujiamini, tena ndani ya somo lake mwenyewe, ningemshauri aanze na swali moja: kengele ya kipindi ikilia, ni wangapi wamefungua kinywa wakasema sentensi kamili kuhusu somo? Kwa swali hilo nimelinganisha njia sita zinazojulikana shuleni kwetu. Nimechukua darasa la wanafunzi 60, hesabu ambayo mwalimu wa shule ya kata hataishangaa, na kipindi cha dakika 40.

| Njia | Wanaosema | Maandalizi | Inakofaa zaidi |
|---|---|---|---|
| Jozi | wote 60 | dakika chache | somo lolote |
| Kueleza ubaoni | 4 hadi 6 | karibu hakuna | Hisabati, Fizikia, Kemia |
| Kiti cha maswali | 1 kitini, 15 hadi 20 wanaouliza | jioni moja ya kusoma | Historia, fasihi |
| Mdahalo wa ukumbini | 8 hadi 13 | wiki | Uraia, Historia, lugha |
| Uwasilishaji wa vikundi | 10, mmoja kila kikundi | siku kadhaa | Jiografia, Biolojia, Biashara |
| Ngonjera | 6 hadi 12 | wiki mbili au zaidi | Kiswahili, hafla za shule |

Hesabu hiyo haimalizi habari. Dakika mbili za kunong'ona na jirani si sawa na dakika tano za kusimama mbele ya bwalo. Lakini inaonyesha nani anaachwa, na kwa kawaida anayeachwa ni yule yule katika njia tano za mwisho.

Jozi, ambazo hazina mvuto wowote

Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kutazama wanafunzi wakizungumza wawili wawili. Hata hivyo, ningelazimishwa kubaki na njia moja tu, ningebaki na hii. Utaratibu wake uliandikwa na Frank Lyman wa Marekani mwaka 1981, na ni mwepesi: swali, kimya cha kufikiri, mazungumzo na jirani, kisha darasa zima.

Chukua Biolojia, mada ya osmosisi. Mwalimu ana vipande viwili vya kiazi mviringo. Kimoja kimelala kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Anavipitisha wanafunzi wavibonyeze. Kimoja ni kigumu, kingine kimelegea kama ufizi wa mzee. Swali: maji yametoka wapi yakaenda wapi, na kwa nini? Nusu dakika kimya, kila mmoja aandike hata maneno matatu. Kisha aliyeketi kushoto aeleze kwa dakika moja, wa kulia asikilize tu. Dakika ikiisha, wa kulia haruhusiwi kutoa maoni yake kabla hajarudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Halafu wanabadilishana.

Sharti hilo la kurudia ndilo linalobeba kazi yote. Ukiliondoa, jozi zinageuka kuwa maongezi ya Simba na Yanga ndani ya sekunde 20. Ukiliweka, msikilizaji anabanwa kusikiliza, na msemaji anagundua mara moja kama alieleweka. Mara nyingi utamsikia mmoja akisema, "Hapana, sikusema chumvi imeingia, nimesema maji yametoka." Sentensi hiyo ina Biolojia zaidi ya ukurasa mzima wa notisi zilizonakiliwa ubaoni.

Baada ya hapo mwalimu ataje jina. Asiulize "nani anajua?", kwa sababu mikono itakayonyooka ni ile mitano anayoifahamu tangu Januari. Na akishataja jina, asubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Kimarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujijibu wenyewe au humhamia mwanafunzi mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sekunde tatu darasani ni ndefu kuliko unavyofikiri. Hesabu kimoyomoyo.

Kuna kero, tena si ndogo. Wanafunzi 30 wakisema kwa pamoja, darasa la jirani linalalamika na makamu mkuu wa shule anachungulia dirishani akidhani mwalimu hayupo. Mthibiti ubora akifika siku hiyo, mweleze mapema. Madawati yakiwa ya watu watatu, tumia watatu: mmoja aeleze, mmoja arudie, mmoja aseme kilichosahaulika. Pia jozi hazimfundishi mtu kupaza sauti. Anayezoea kunong'ona na rafiki yake hajawa tayari kwa bwalo, na asidanganywe kuwa yuko tayari.

Lugha, kabla hatujaendelea

Njia zote hizi Tanzania zinakutana na ukuta mmoja. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma masomo yake kwa Kiswahili miaka yote, kisha akiingia Kidato cha Kwanza Fizikia, Jiografia na Hisabati zinaanza kusemwa kwa Kiingereza. Ukimya unaouona darasani si lazima uwe woga wa watu. Mara nyingi ni mtu anayetafuta neno.

Baadhi ya shule huuvunja ukuta huo kwa adhabu: aliyesema Kiswahili anavishwa kibao, au jina lake linapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Matokeo yake ni shule yenye utulivu mkubwa. Mimi ningefanya kinyume. Jozi ziruhusiwe kufikiri kwa Kiswahili, hata kwa lugha ya nyumbani, na ripoti kwa darasa ndiyo itolewe kwa Kiingereza. Mwalimu aandike ubaoni vianzio vitatu vya sentensi katika lugha ya somo: cha kutoa sababu, cha kupinga kwa adabu, cha kuongezea. Mwanafunzi mwenye kianzio ana mahali pa kukanyaga. Na anapozungumza, asikatizwe kwa kosa la sarufi. Mwalimu airudie sentensi hiyo ikiwa sahihi pale anapojibu, basi. Anayesahihishwa katikati ya sentensi mara mbili, mara ya tatu hatasema.

Kueleza ubaoni

Hii inadharauliwa kwa kuwa Hisabati hudhaniwa haina maneno. Mwanafunzi huitwa, anachukua chaki, anatatua kimya mgongo ukiwa kwa wenzake, anarudi kukaa, darasa linasema "safi". Badilisha kitu kimoja tu: haruhusiwi kuandika mstari kabla hajausema.

Mpe mlinganyo rahisi, 2x + 3 = 11. Atasema, "Nahamisha 3 kwenda upande wa pili, inakuwa kutoa." Hapo mwalimu, au afadhali mwenzake aliyekaa, aulize: kwa nini inakuwa kutoa? Wengi watajibu kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa lazima igeuke, basi, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa mmeona wote kwamba kanuni ipo na sababu haipo. Subira kidogo, na mmoja atasema kwamba pande zote mbili zimepunguzwa 3, ndiyo maana zimebaki sawa. Mwanafunzi aliyeweza kusema hivyo kwa sauti amejifunza kutetea hatua yake, na kutetea hatua ndiyo kuzungumza kwa kujiamini katika Hisabati. Mbwembwe hazihitajiki.

Udhaifu wake uko kwenye jedwali: wanasema wanne, sana sana sita. Dawa ni kuitanguliza kwa jozi. Kila mmoja amweleze jirani hatua zake, ndipo mmoja aitwe ubaoni, tena aitwe kueleza suluhisho la jirani yake badala ya lake. Kwenye Kemia inafaa siku za maabara: kabla ya kudondosha kitu kwenye tyubu, taja unachotarajia kuona. Inachukua sekunde kumi.

Kiti cha maswali na mdahalo

Hizi mbili huwekwa kapu moja kwa kuwa zote zina hadhira. Lakini ujasiri zinaoujenga si wa aina moja.

Katika kiti cha maswali, mwanafunzi anakaa mbele akiwa mtu fulani wa somo, na darasa linamhoji. (Wengine hukiita kiti moto. Kwa Tanzania Bara jina hilo litakuletea kicheko cha dakika tano kuhusu nyama ya nguruwe, kwa hiyo nimeliacha.) Mweke mmoja awe Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyechochea vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, mwaka 1905. Wengine jana yake wamesoma kuhusu mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, na maji ya dawa. Maswali ya kwanza huwa ya kitabuni: ulizaliwa wapi, ulipigana na nani. Kisha mmoja wa nyuma ananyoosha mkono: "Wewe mwenyewe ulikuwa unajua maji hayazuii risasi?"

Hapo darasa hunyamaza. Aliyeketi kitini hana jibu la kukariri. Anaweza kusema aliamini kweli, kwa kuwa alitumwa na mzimu. Anaweza kusema alijua, lakini bila dawa hiyo Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wasingeshika silaha pamoja. Jibu lolote kati ya hayo linahitaji hoja, na anaijenga akiwa anasema. Naona hapo ndipo kiti cha maswali kinapoushinda mdahalo, kwa sababu mdahalo tulivyouzoea unaruhusu mtu aje na karatasi, aisome, ashuke.

Uzuri mwingine: mwenye haya hujificha ndani ya mtu anayemwigiza. Anayeaibika si yeye, ni Kinjeketile. Na wanaouliza wanajifunza kuuliza, stadi ambayo shule zetu hazifundishi popote kwa makusudi.

Mdahalo una nguvu yake mahali pengine. Unamlazimisha mtu kumjibu mpinzani aliye mbele yake, kwa muda uliopimwa, bila kugombana. Kinachouharibu ni hoja mbovu na ukumbi mkubwa. "Elimu ni bora kuliko fedha" haina ushahidi wa kutafuta. Ina vichekesho tu. Linganisha na hii: njaa, si bunduki, ndiyo iliyomaliza vita vya Majimaji. Hapo kuna kitu cha kusoma, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini na njaa ikaua watu wengi sana. Upande wa pili nao una ya kwake: bunduki za rashasha, viongozi walionyongwa, na makabila ambayo hayakujiunga. Jiografia inaweza kujadili kama bwawa la umeme lina faida kuliko mto ulioachwa utiririke. Biashara inaweza kujadili mikopo ya simu.

Kuhusu ukumbi, uvunje. Darasa la 60 linatoa vikundi 15 vya wanne, wawili wanaunga mkono na wawili wanapinga, kila mmoja dakika mbili, upande upangwe kwa kura pale pale. Dakika nane baadaye wote 60 wamesema na wamejibiwa. Mdahalo wa Ijumaa ubaki kuwa mashindano ya waliochaguliwa kutoka vikundi hivyo.

Nani achague kipi? Kama wanafunzi wako wanasema lakini hawasikilizani, chukua mdahalo mdogo. Kama wanakariri, chukua kiti cha maswali.

Uwasilishaji wa vikundi

Ndiyo njia inayopendwa zaidi siku hizi, na kwa jinsi inavyofanywa ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Karatasi ya manila imebandikwa, mwenye Kiingereza kizuri anaisoma neno kwa neno akiwa ameipa hadhira mgongo, wenzake watano wamepanga mstari pembeni kama walinzi wa benki. Makofi. Kikundi kinachofuata. Wa kumi akifika, hakuna anayesikiliza.

Inaokoleka kwa marekebisho mawili. La kwanza ni wazo la Elliot Aronson, alilolianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zinachanganya watoto wa rangi mbalimbali: kila mwanafunzi apewe kipande chake cha mada, akielewe pamoja na wenye kipande kama hicho, kisha arudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wengine. Hakuna wa kumsemea, maana kipande hicho anacho yeye peke yake. La pili ni kupiga marufuku sentensi kamili kwenye manila. Michoro, namba na maneno machache, vingine vitoke mdomoni.

Jiografia ina zoezi bora kuliko uwasilishaji wowote. Wanafunzi wawili wanakaa mgongo kwa mgongo. Mmoja ana kipande cha ramani ya 1:50,000, mwingine ana karatasi tupu. Wa kwanza aeleze, wa pili achore, bila kugeuka. Mto unaanzia wapi, unaelekea upande gani, kontua (mistari ya mwinuko) zimebanana sehemu ipi. Baada ya dakika sita wanalinganisha, na kelele za "si nilikwambia kaskazini mashariki!" zinasikika hadi ofisi ya walimu.

Ngonjera

Nisiseme mengi. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliipa ngonjera nguvu mpya baada ya Azimio la Arusha, na tangu hapo haijakosekana kwenye mahafali. Inafundisha pumzi, mkazo, sauti ya kufika nyuma na kutazama watu usoni, mambo ambayo jozi haziwezi kuyafundisha. Haifundishi kutafuta neno lako mwenyewe. Itumie kama mazoezi ya sauti kwa darasa zima, beti moja moja, na si kwa wale kumi wenye sauti nzuri peke yao. Tamasha za maigizo na muziki za shule za Kenya ziko upande huu pia: kwa aliyechaguliwa ni shule kubwa, kwa asiyechaguliwa ni safari ya basi ya wengine.

Basi uchague nini

Darasa kubwa, Kidato cha Kwanza, Kiingereza bado kinawasumbua: jozi peke yake, kila somo, kwa muhula mzima. Usiongeze kitu. Kidato cha Tatu ambacho kimeshazoea jozi: ongeza kueleza ubaoni kwa sayansi na kiti cha maswali kwa Historia na fasihi. Mdahalo mdogo uje wakikaribia mitihani ya majaribio, kwa kuwa hoja zake ni marudio ya mada. Uwasilishaji ubaki kwa darasa la wanafunzi chini ya 40, au uachwe.

Jambo zuri zaidi, na gumu zaidi kupatikana, ni walimu watatu au wanne wa masomo tofauti kukubaliana njia moja na vianzio vile vile vya sentensi. Mwanafunzi aliyefundishwa kurudia maneno ya mwenzake kwenye Biolojia saa mbili asubuhi, akakuta sharti hilo hilo kwenye Uraia saa nne, hahitaji kufundishwa tena kwenye Hisabati.

Kuhusu alama, tuseme ukweli: kwa masomo mengi, mtihani wa taifa hausikilizi mtu. Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza, lakini zinajibiwa kwa kalamu. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka Kusikiliza na Kuzungumza kuwa mada inayojitegemea, na mwalimu wa huko ana pa kuziingiza alama za kuzungumza. Wa Tanzania atalazimika kuziweka kwenye tathmini yake ya darasani. Kwa vyovyote, pima vigezo viwili kwa wakati mmoja, visizidi. Wiki hii sababu na kusikika. Wiki ijayo kumjibu mwenzako na kutotumia karatasi. Na wapimane wenyewe, maana mwalimu mmoja hawezi kusikiliza vinywa 60.

Kwa mwenye kigugumizi, na karibu kila shule anaye, usimwondolee zamu kwa huruma. Mwache achague: jozi na rafiki yake, ubeti wa ngonjera, au kiti cha maswali akiwa amejiandaa. Wengi wenye kigugumizi hukwama kidogo zaidi wakiimba au wakisema pamoja na wengine, hivyo beti za darasa zima zinaweza kuwa mlango wake. Mtunza muda naye aambiwe mapema kwamba huyo hapigiwi kengele.